Kipimo Kwanza Kiamkie Upepo

Sharifa, siku nilipokukabidhi funguo za karakana na lile sanduku la njano la kipimo uliniambia, "Mzee Haule, tuandikie basi hata kurasa mbili, maana ukiondoka unaondoka na kila kitu." Nimekaa nyumbani Tegeta wiki ya tatu sasa. Nimepaka rangi geti ambalo halikuhitaji rangi, na mke wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama huko kazini hawana hata kibarua cha siku mbili. Kwa hiyo naandika. Maelekezo ya vifaa yamo kwenye kabati la chuma, droo ya pili, na yameandikwa vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Haya ni yale ambayo hayamo kwenye droo.

Nilifika Msasani nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, nikitokea Mbinga ambako nilikuwa karani wa ghala la kahawa. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, na sikuipenda. Binamu yangu wa Tandika ndiye aliyenitafutia kazi. Aliniambia ni kazi ya kupima hewa, nami nikadhani ni mambo ya mvua na jua, yale yanayosomwa baada ya taarifa ya habari. Nikaja nimevaa tai.

Aliyenipokea ni Bi Somoe, mwanamke wa Lindi, mfupi, mwenye ushungi uliobanwa kwa pini mbili na ovaroli ya bluu iliyokunjwa miguuni mara tatu. Nilimwamkia ingawa hakunizidi miaka mingi. Aliitikia marahaba, kisha akasogea akaninusa bega.

"Unavuta?"

"Hapana, Bi Somoe."

"Na manukato?"

"Kidogo tu."

"Kesho usipake hata hicho kidogo. Hapa pua ni chombo cha kazi. Na hiyo tai ivue, isije ikakamatwa na mkanda wa mashine tukakuzika bila kujua hata jina la baba yako."

Niliivua. Sikuivaa tena kazini mpaka siku mliyoniaga.

Asubuhi hiyo hiyo alinieleza kazi kwa maneno machache, na mpaka leo sijapata ya kuongeza. Kompresa inanyonya hewa ya kawaida na kuishindilia ndani ya mtungi. Mpiga mbizi anabeba mtungi mgongoni na kushuka nao chini ya maji. Akishafika huko hana hewa nyingine, wala hana wa kumuuliza. Sisi tupo kuhakikisha kwamba kilichoshindiliwa mle ni hewa, si hewa na kitu kingine. Kitu kingine kinaweza kuwa mvuke wa mafuta ya kompresa, unyevu, au ile gesi inayotoka kwenye bomba la moshi la injini, kaboni monoksaidi. Bi Somoe aliiita moshi bubu, kwa sababu haina rangi wala harufu, na mtu anayeivuta hajui kama anaivuta. Juu ya ardhi ingemuumiza kichwa tu. Chini, kadiri anavyokwenda kina, ndivyo inavyomuingia kwa wingi.

"Sasa wewe, unajua kuogelea?" nilimuuliza.

"Mie? Sijawahi kuingia maji yaliyopita magoti." Alijibu bila aibu yoyote. "Wao kazi yao maji. Yetu hewa."

Hilo lilinipa moyo sana. Mpaka alipostaafu yeye, wapimaji wote wawili wa karakana hii walikuwa ni watu wasiojua kuogelea.

Siku zile za mwanzo tulipima kwa vioo vyembamba, urefu wa kalamu. Unakata ncha zote mbili, unachomeka kioo kwenye pampu ya mkono, unavuta hewa ya mtungi ipite humo, unahesabu mivuto, kisha unaangalia unga wa ndani umegeuka rangi mpaka mstari wa ngapi. Bi Somoe alivuta pampu ile polepole bila hata kutingisha bega. Vioo vilivyotumika hakuvitupa hovyo, alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kuandika tarehe ubavuni. Miaka miwili baadaye ndipo kilipokuja kipimo cha umeme, chenye kioo cha namba. Wote tulishangilia isipokuwa yeye. Alikigeuza geuza mkononi akasema, "Hiki kinataja namba tu. Hakisemi kimejifunzia wapi."

Na hapo ndipo ulipoanza ule mwendo ambao ninyi mnauona ni mazoea ya wazee. Kipimo cha umeme, kabla ya kazi, lazima ukionyeshe hewa safi na ubonyeze sifuri, ili kijue kwamba hii ndiyo safi na chochote kinachozidi hapa ndicho uchafu. Maelekezo yanasema ufanye hivyo "mahali penye hewa safi", basi. Bi Somoe hakuridhika na basi. Alihesabu hatua mia na arobaini kutoka chumba cha kompresa mpaka mwisho wa ukuta wetu upande wa bahari, penye mchanga mbichi, akaamua hapo. Kila asubuhi alikwenda, akainua kipimo juu ya kichwa, akasubiri, akabonyeza. Majirani waliamini anatafuta mtandao.

"Mtoto akiingia nyumba ya watu anaanza na nini?" aliniuliza siku ya kwanza ya kipimo kile.

"Shikamoo."

"Basi na hiki kwanza kiamkie upepo. Ndipo kipewe ruhusa ya kusema habari za watu."

Kulikuwa na mambo mengine mawili, na yote alianzisha yeye. La kwanza ni shahidi. Shahidi ni ule mtungi mdogo wenye mkanda mwekundu, unaojazwa siku ya upepo mzuri wakati umeme wa kawaida upo na jenereta imelala. Ukimaliza kupima mitungi yote, unampima shahidi mwishoni, ambaye unajua ni msafi. Akisema sifuri, kazi imekwisha. La pili ni kitambaa. Mtungi uliofaulu ulifungwa kwenye koki kipande cha kanga, upana wa vidole viwili, kutoka kwenye kanga zake kuukuu. Hakuna mpiga mbizi wa Msasani hadi Mbweni aliyekubali mtungi wetu bila kitambaa. Walikuwa wakitaniana kwamba wanashuka na kanga ya Bi Somoe, na yeye akijifanya hakusikia.

Nilijifunza pia kwa kumfuata huku na huko kwenye kompresa za watu. Mbweni tulikuta bomba la kunyonya hewa limetoka dirishani vizuri kabisa, kisha mwenye nyumba amejenga jiko la mkaa chini yake. Tegeta fundi mmoja alipulizia dawa ya mbu kwenye chumba cha mashine kila jioni, kwa nia njema. Na kuna bwana mmoja, sitataja alikokuwa, aliyeishiwa mafuta maalumu ya kompresa akatia mafuta ya kupikia. Wapiga mbizi wake walipanda juu wakisema hewa ni nzuri ila inatia njaa. Bi Somoe hakucheka mpaka tulipofika barabarani, na hapo ilibidi akae kwenye jiwe.

Sasa nije kwenye siku ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande, kila mmoja na chake. Nataka muipate kutoka kwangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu, katikati ya masika. Umeme ulikatika tangu alfajiri. Kwa ajili ya mvua, jenereta ilisogezwa chini ya paa, ikakaa karibu na ukuta wa chumba cha kompresa, na moshi wake ukawa unagonga ukuta na kuzunguka humo humo. Bi Somoe alikuwa amekwenda msibani Temeke. Aliniacha peke yangu kwa mara ya kwanza, na mimi nilijiona nimeshaiva.

Rajabu alikuja saa tatu kuchukua mitungi. Rajabu mnamjua sasa akiwa na mvi, lakini wakati huo alikuwa ndiye mpiga mbizi tuliyemtegemea kuliko wote, mtoto wa Temeke, mwembamba, mwenye maneno mengi juu ya maji na ukimya wa ajabu chini yake. Alikuwa na kazi ya kukagua mnyororo wa boya, kina cha mita kama ishirini.

"Braza Haule, fanya chapchap basi, hii mvua ikitulia kidogo tu mie natoka."

Mvua ilikuwa inamwagika. Niliangalia mwisho wa ukuta, hatua mia na arobaini, nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vipya. Nikasimama mlangoni mwa chumba cha kompresa, hatua saba kutoka kwenye jenereta, nikainua kipimo juu ya kichwa kama afanyavyo Bi Somoe, na kubonyeza sifuri.

Mnaelewa nilichofanya. Hewa ya mlangoni pale ilikuwa imejaa moshi bubu, nami nikakiambia kipimo kwamba hiyo ndiyo safi. Na mitungi ilikuwa imejazwa hewa hiyo hiyo. Nilipima sita, yote ikasoma sifuri, moja, sifuri. Nikafurahi. Nikamalizia na shahidi. Shahidi akasoma alama ya kutoa, na mbele yake sitini na moja.

Sikuwahi kuona namba chini ya sifuri. Nikakigonga kipimo kwa kidole, ikabaki vile vile. Nikasema moyoni ni betri, au unyevu. Kwenye daftari nikaandika shahidi sifuri, kwa mwandiko mzuri. Nikafunga vitambaa sita. Rajabu akachukua mitungi mitatu, akaondoka na boti pamoja na mshika kamba wake, yule anayebaki juu na kuwasiliana naye kwa kuvuta kamba.

Bi Somoe alirudi mchana, ameloa mpaka pini za ushungi. Nilikuwa nakunywa chai na kichwa kinaniuma, nikidhani ni kwa sababu sikula asubuhi. Alipitia daftari, akaitazama jenereta na mahali ilipokaa.

"Umeamkia upepo?"

"Nimeamkia."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya hatua saba. Bi Somoe hakunitazama usoni. Alitazama chini.

"Viatu vyako vikavu, Haule."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, mlango, kidole, na ile alama ya kutoa. Nilipofika hapo alinishika mkono kwa nguvu, na ndiyo mara pekee aliyowahi kunigusa.

"Kutoa? Shahidi alisema kutoa? Hakuna hewa iliyo safi kuliko safi, mwanangu! Alikuwa anakwambia wewe ndiye uliyesimama kwenye uchafu!"

Alikuwa ameshatoa simu. Tulisimama kwenye mvua, yeye ameifunika simu kwa ushungi. Mshika kamba alipokea.

"Rajabu yuko wapi?"

"Ameshashuka, Bi Somoe. Tulingoja mvua, ana kama nusu saa."

"Muite juu. Vuta kamba mara nne, muite sasa hivi. Asipande kwa pupa, lakini aje."

Tukasikia upepo kwenye simu. Nilihesabu, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Nikafika ishirini.

"Hajajibu," sauti ikasema.

"Vuta tena."

Nilianza kuhesabu upya nikashindwa. Nilikuwa namwona Rajabu ameegemea mnyororo ule ametulia, na kitambaa changu kinapepea kwenye maji nyuma ya kichwa chake. Bi Somoe alikuwa anasoma dua kwa midomo bila sauti. Mimi Mkristo, nikasema amina kila alipomeza mate.

"Amejibu," sauti ikasema. "Amevuta, lakini kilegevu. Anapanda."

Alitolewa majini akicheka peke yake, halafu akatapika, halafu akalalamika kichwa kinamuuma. Alisema kule chini kulikuwa kuzuri, hakuona sababu ya kurudi. Dakika kumi zaidi, daktari alituambia, zingetosha. Alilazwa siku mbili akipewa oksijeni. Ile mitungi mitatu iliyobaki tuliipima upya baada ya kipimo kupelekwa mwisho wa ukuta, na kengele yake ililia kwa kila mmoja.

Jioni ile Bi Somoe hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Twende Temeke," tukaenda nyumbani kwa Rajabu. Mkewe alikuwa ameshapigiwa simu, amevaa tayari kwenda hospitali.

"Mumeo yuko hai, anaongea," Bi Somoe alimwambia hata kabla ya kukaa. "Aliyempa hewa mbaya ni sie. Huyu hapa atakueleza kwa mdomo wake."

Nikaeleza yote, hata viatu vikavu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake palikuwa na pazia la mlango lililoshonwa kwa vipande vyembamba vya kanga, mamia, vya rangi zote. Rajabu alikuwa akivileta nyumbani kila akipanda salama, naye akiviunga. Aliniuliza swali moja tu.

"Kitambaa kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Alikifunga nani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua mkoba wake akatoka. Nimesemwa na watu wengi maishani, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale mawili, alikifunga nani.

Kesho yake nilikuja na barua ya kuacha kazi. Bi Somoe aliisoma, akaikunja, akapangusia mafuta kwenye mpini wa pampu. Kisha akafungua daftari na kuandika kosa lile lote kwa mkono wake, na jina aliloanza nalo lilikuwa lake: kwamba alimfundisha mpimaji kumpima shahidi lakini hakumfundisha la kufanya shahidi akisema kutoa. Halikuwa kosa lake, Sharifa. Nililisema hivyo wakati ule na nalisema sasa. Alijibu, "Ukiondoka, atakuja mwingine mwenye viatu vipya. Wewe angalau umeshajua." Wiki ile ile bomba la moshi la jenereta likarefushwa hadi juu ya paa, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ikaandikwa sentensi mnayoiona mpaka leo: shahidi akishuka chini ya sifuri, simamisha kila kitu. Nimefanya kazi na wasomi wengi baada ya hapo. Sijaona mwingine aliyejua kuligeuza kosa la mtu kuwa ulinzi wa watu.

Miezi mitatu nilipima mimi lakini vitambaa alifunga yeye. Nilikwenda mwisho wa ukuta kwa mvua na jua, bila kutumwa. Rajabu aliporudi kazini, Bi Somoe alinipa kipande cha kanga mbele yake, akatuacha. Rajabu aliutazama mtungi, akanitazama.

"Nionyeshe viatu, braza."

Nikainua mguu. Mchanga mbichi ulikuwa umeganda mpaka kwenye kamba. Akageuka, nikamfungia mtungi mgongoni, akaenda. Alipopanda salama nilijificha chooni nikalia.

Tangu siku hiyo sikuwahi kumpa Rajabu mtungi bila kumwonyesha viatu. Ikawa desturi yetu, hadi wapiga mbizi wageni wakadhani ni sheria ya karakana. Bi Somoe alistaafu kabla yangu, akarudi kwao Lindi. Hutuma kanga kuukuu kwa basi, na hupiga simu Ijumaa. Haulizi habari za mitungi. Huuliza tu, "Masika imeanza?" nami najibu kwamba viatu vimeloa.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnapanga viti, Rajabu alikuja na manyunyu. Hashuki kina kirefu siku hizi, anafundisha vijana, lakini alitaka mtungi mmoja. Nilitembea hatua mia na arobaini. Zimekuwa mia na sabini, magoti yamefupisha hatua. Nikaamkia upepo, nikarudi, nikapima, shahidi akasema sifuri, nikafunga kitambaa. Kisha nikainua mguu.

Rajabu alicheka. "Mzee Haule, mie viatu vyako niliacha kuviangalia mwaka ule ule."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Niliona wewe ndiye unayehitaji kunionyesha."

Akapeleka mkono kwenye koki, akakifungua kile kitambaa, akakiweka kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Akauvaa mtungi bila kitambaa, akaingia nao majini mbele yangu. Nilisimama palepale mchangani mpaka alipotokea, na alipotokea alinipungia mkono.

Kitambaa ninacho hapa mezani ninapoandika. Lakini alichofanya ni kinyume cha taratibu, Sharifa. Akija tena kwako akataka kushuka bila kitambaa, mkatalie.